Chenjiova mpya, ethi iliyopotea: kisa cha jenereta la kituo cha afya

Kisa hiki ni cha kweli kwa umbo lake. Jina la kituo, la mji na la mafundi waliohusika nimeyaondoa, na vipimo nimevileta karibu na namba nzima. Nakiandika kwa ajili ya mafundi umeme wanaofunga majenereta, na kwa wasimamizi wa majengo wanaowalipa, kwa sababu hitilafu iliyomo haionekani kwa macho na inapita majaribio ambayo wengi wetu tunayaamini.

## Usuli

Kituo ni cha binafsi, kiko katika mji wa pwani ya Tanzania. Jengo lina mapokezi chini, maabara na famasi ghorofa ya kwanza, na wodi ndogo ghorofa ya pili. Umeme wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, unaingia kwa fezi tatu (nyaya zenye umeme) na nyutro (waya wa kurudishia mkondo): volti 400 kati ya fezi na fezi, 230 kati ya fezi na nyutro. Ethi, yaani waya wa ardhi, haitoki kwenye nguzo. Jengo lina rodi zake za shaba zilizopigwa nyuma ya ukuta, na zinafika kwenye baa kuu ya ethi iliyo chumba cha mita.

Kila ghorofa ina boksi lake la breka, na kila boksi linalindwa na RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) moja ya miliampia 30 inayopitisha fezi zote tatu pamoja na nyutro. RCD hupima jumla ya mkondo unaotoka na unaorudi katika nyaya zote zilizopita ndani yake. Jumla ikiwa si sifuri, maana yake kuna mkondo unaorudi kwa njia nyingine, pengine kupitia mwili wa mtu, na RCD inakata. Naomba msomaji aishike sentensi hiyo ya jumla, maana kisa chote kinazunguka hapo.

Jenereta ni la kVA 60, takribani ampia 87 kwa kila fezi likibeba mzigo wake wote. Lilipofungwa mara ya kwanza liliwekewa chenjiova, yaani swichi ya kuhamisha jengo kati ya umeme wa TANESCO na wa jenereta. Ilikuwa ya mkono, inayokata nyaya tatu, yaani fezi peke yake. Nyutro ya TANESCO, ya jenereta na ya jengo zilikutana kwenye baa moja na hazikuachana kamwe. Kwa mpangilio huo nyutro ya jenereta ilipata ardhi kupitia nyutro ya TANESCO, ambayo imezamishwa ardhini kule kwenye transfoma. Fundi wa wakati ule hakuiunganisha nyutro na bodi ya jenereta, yaani mwili wake wa chuma, na alifanya sawasawa. Angeiunganisha, nyutro ingekuwa na ardhi mahali pawili na mkondo wake ungetembea kwenye mabomba na nyaya za ethi za jengo.

Baadaye kituo kiliamua kuweka chenjiova ya kujiendesha ili maabara isikae gizani ikimsubiri mlinzi. Iliyonunuliwa ilikuwa ya kukata nyaya nne, nyutro ikiwemo. Ni kifaa kizuri, na kilifungwa kwa usafi: nyaya zimenyooka, lebo zipo. Kuanzia siku hiyo, jenereta lilipochukua mzigo, nyutro yake iliachana kabisa na ya TANESCO, na hakuna aliyeipa ardhi nyingine.

## Kilichotokea

Dalili ya kwanza ilikuwa ndogo. UPS za maabara, yaani betri zinazoshikilia mashine umeme unapokatika, zilianza kuwasha taa nyekundu ya hitilafu ya waya kila jenereta lilipowaka, na taa ikazimika TANESCO iliporudi. Wafanyakazi wakazoea. Wakasema ndivyo umeme wa jenereta ulivyo.

Kwa upande mwingine, kumbukumbu za matengenezo zilikuwa safi. Kila mwezi mtu alibonyeza kitufe cha majaribio cha kila RCD, jenereta likiwa linafanya kazi, na kila mara RCD ilikata. Daftari lina tiki kurasa nzima.

Usiku mmoja umeme ulikatika kwa saa kadhaa. Katikati ya muda huo ekstensheni yenye kinga ya umeme kuruka, iliyokuwa nyuma ya mashine ya kupima damu, ilipasuka na kutoa moshi. Muda mfupi baadaye kompyuta ya famasi ikazimika kwa harufu ya kuungua. Breka za soketi hizo zilikata, lakini baada ya moshi. RCD ya ghorofa ilibaki imesimama. Mganga mfawidhi aliamuru jenereta lizimwe, na dawa za maabara na chanjo zikahamishiwa kwenye masanduku ya baridi.

TANESCO iliporudi alfajiri, RCD ya ghorofa ile ile ilikata papo hapo, ikainuliwa, ikakata tena. Mtaalamu wa maabara akazima kimoja kimoja mpaka alipofika swichi ya hita ya maji ya chumba cha kuoshea vyombo. Alipoizima, RCD ikashika. Koili ya hita ilikuwa imegusa ganda lake.

Hapo jibu lote lilikuwa mezani. Hita moja, RCD moja, hitilafu moja: kwa jenereta ilikaa saa nzima bila kukatwa, kwa TANESCO ilikatwa mara moja. Lakini matukio mawili yalichukuliwa kuwa mambo mawili. Hita ikaandikwa kuwa mbovu na kubadilishwa. Vifaa vilivyoungua vikahesabiwa kuwa kosa la jenereta kutoa umeme mkubwa.

Fundi wa kwanza alipima jenereta: fezi na fezi volti 400, fezi na nyutro 231, mizunguko 50 kwa sekunde. Kila kitu sawa. Kwa kuwa hakuona kingine cha kulaumu, alibadilisha AVR, kile kifaa kinachorekebisha volti za jenereta. UPS ziliendelea kuwasha taa nyekundu.

Aliporudi alikuwa amesikia kwamba jenereta linatakiwa kuunganishwa nyutro na ethi, jambo ambalo ni kweli. Akafungua boksi la breka la maabara na kufunga kipande cha waya kati ya baa ya nyutro na baa ya ethi. Taa za UPS zikanyamaza kwa jenereta. TANESCO iliporudi, RCD ikawa haishiki hata kwa dakika mbili. Akasema, "Daktari, hii RCD imechoka. Tuiruke tu, kazi iendelee." Mganga mfawidhi alikataa, akamwambia atoe waya alioongeza na arudishe kama palivyokuwa. Kisha akatafuta mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoitwa.

## Uchunguzi

Nilianza na kipimo ambacho hakikuwa kimefanyika: kila fezi na ethi, na nyutro na ethi, jenereta likibeba mzigo. Kati ya nyutro na ethi palikuwa na volti 70 hivi, zikipanda na kushuka kila mashine ilipowashwa au kuzimwa. Nyutro ilikuwa inaelea. Haikuwa imeshikwa na ardhi popote, ikawa inavutwa huku na huko na vichujio vidogo vilivyomo ndani ya kompyuta na mashine za maabara.

Kisha tuliondoa vifaa vyote kwenye soketi za ghorofa ile, watu wakatoka, na nikafunga balbu ya wati 60 kati ya fezi ya kwanza na ethi. (Jaribio hili ni la fundi mwenye leseni, jengo likiwa tupu. Asilijaribu mwingine.) Kwa TANESCO balbu hiyo ingevuta karibu miliampia 260 na RCD ingekata kabla haijawaka. Kwa jenereta haikuwaka, wala RCD haikutikisika. Nikapima tena: fezi ya kwanza na ethi volti chache, fezi ya pili na ethi karibu 400, ya tatu vilevile, na nyutro na ethi 230.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa usiku ule. Koili ya hita iliishika fezi ya kwanza na kuifunga kwenye ethi. Jenereta halikuwa na njia ya kurudisha mkondo kutoka ardhini, kwa hiyo hakuna mkondo wa maana uliopita na hakuna kilichokata. Kilichohama ni volti. Ethi ya jengo ikawa sawa na fezi ya kwanza, na fezi nyingine mbili zikawa juu yake kwa volti 400. Vidhibiti vilivyomo ndani ya ekstensheni zile, vilivyopimwa kwa takribani volti 275 kati ya fezi na ethi, vikalazimika kupitisha umeme mpaka vikapasuka. Wakati huo volti kati ya fezi na nyutro zilikuwa 230 safi. Ndiyo maana vipimo vya fundi wa kwanza havikuonyesha kitu, na ndiyo maana AVR ilionewa bure.

Kwa nini RCD haikukata hata ekstensheni ilipopasuka? Mkondo ulitoka kwa fezi ya pili, ukapita ekstensheni, ukaingia ethi, ukafika kwenye hita na kurudi kwa fezi ya kwanza. Fezi zote mbili zinapita ndani ya RCD ile ile. Uliotoka na uliorudi vilikuwa sawa, jumla sifuri.

Na kitufe cha majaribio? Kitufe hakigusi ethi hata kidogo. Ndani ya RCD kinaunganisha fezi ya upande mmoja na nyutro ya upande wa pili kupitia kikinzani, ili kuiga mvujo. Kinathibitisha kwamba mtambo wa kukata unasogea. Hakithibitishi kwamba jengo lina njia ya kurudisha mkondo wa hitilafu. Kipima RCD halisi, kinachopitisha mkondo kati ya fezi na ethi, kilikataa hata kuanza jenereta likiwaka, kwa sababu ya volti zilizokuwapo kati ya nyutro na ethi. Zile tiki zote za daftari zilikuwa za kweli, na hazikumlinda mtu yeyote.

Jambo la mwisho lilikuwa nje, kwenye banda la jenereta. Bodi ya jenereta ilikuwa na rodi yake peke yake, imepigwa kwenye mchanga mkavu juu ya mwamba wa matumbawe: omu 61. Rodi za jengo: omu 24. Kebo ya jenereta ilikuwa ya nyaya nne zenye ganda la chuma, na ganda hilo lilikuwa limekatwa na kuachwa wazi upande wa jengo. Kati ya bodi ya jenereta na baa kuu ya ethi hapakuwa na chuma chochote kilichounganisha. Palikuwa na mchanga tu.

## Maamuzi na sababu zake

Mtunza jengo alipendekeza jambo la haraka: kuunganisha nyutro na bodi pale kwenye jenereta na kufunga mfuniko. Nilikaa naye tukapiga hesabu, kwa sababu wazo lake lilikuwa nusu ya jibu. Fezi ikigusa ethi ndani ya jengo, mkondo utapita rodi za jengo, mchanga, kisha rodi ya jenereta. Volti 230 kugawanya kwa omu 85 ni ampia 2.7. Breka ya ampia 16 itazibeba mpaka asubuhi. RCD ingekata, ni kweli, lakini kila saketi isiyo na RCD, pamoja na kebo kubwa kati ya jenereta na jengo, ingebaki bila kinga, na kila chuma kilichofungwa kwenye ethi ya jengo kingekuwa na volti zinazoweza kuumiza.

Njia ya pili ilikuwa kurudi kwenye mpango wa zamani, nyutro isikatwe. Ni halali na watu wengi wanaitumia. Niliikataa hapa kwa sababu jenereta linatakiwa zaidi pale ambapo nyaya za nje zimeharibika, na nguzo ikianguka nyutro ya nje nayo huenda imekatika. Jenereta litakuwa limepoteza ardhi siku ile ile linapotegemewa. Kanuni za Uingereza za ufungaji umeme, BS 7671, ambazo mafundi wengi wa kwetu tumefundishwa kwazo, zinasema hivyo hivyo: jenereta linalochukua nafasi ya umeme wa mji lisitegemee ardhi ya umeme wa mji kwa kinga yake.

Njia ya tatu ni kuliacha lielee na kuweka kifaa cha kuangalia mvujo muda wote. Vyumba vya upasuaji hutumia mfumo wa namna hiyo, lakini wana mtu wa kuitikia kengele. Kituo hiki hakina.

Tukachagua kubaki na chenjiova ya kukata nyaya nne na kulipatia jenereta ardhi yake kamili. Nyutro iliunganishwa na bodi ndani ya boksi la nyaya la jenereta, mahali pamoja tu. Kutoka bodi hadi baa kuu ya ethi ulivutwa waya wa shaba wa milimita mraba 25, wa kijani na njano. Kwa kebo ya milimita mraba 35 waya wa 16 ungetosha kwa jedwali, lakini sehemu ya njia yake iko ardhini kwenye hewa ya chumvi. Ganda la kebo nalo likafungwa kwa glendi (kishikio cha chuma cha kebo) pande zote mbili. Rodi ziliongezwa, zikaachana kwa umbali usiopungua urefu wa rodi moja, zikaunganishwa na zile za zamani. Tangi la mafuta lilikuwa limetenganishwa na injini kwa bomba la mpira, kwa hiyo likapewa waya wake, pamoja na geti la chuma la banda.

Nilisisitiza pia kiungo kile cha nyutro na bodi kikae kwenye jenereta na si kwenye boksi lolote la breka. Waya alioufunga fundi wa kwanza ulikuwa baada ya RCD. Kwa TANESCO, sehemu ya mkondo wa nyutro iliacha njia yake na kurudi kwa ethi na rodi, RCD ikahesabu upungufu na kukata, kama ilivyotengenezwa kufanya. Kwa jenereta ilikuwa mbaya zaidi: mkondo wa hitilafu ungerudi kwenye nyutro kupitia waya ule ule, ndani ya RCD, na jumla ingebaki sifuri. Taa ya UPS ilinyamaza, na kinga haikuwapo.

## Matokeo

Jenereta likiwa na mzigo, nyutro na ethi sasa hazifiki volti moja. Rodi zote kwa pamoja zilisoma omu 11. Kwa mpango kama huu, BS 7430, mwongozo wa Uingereza wa ethi, inashauri rodi za jenereta zisizidi omu 20. Kila RCD ilijaribiwa kwa kipima halisi mara mbili, kwa TANESCO na kwa jenereta, na zote zilikata ndani ya milisekunde 40 kwa miliampia 30, ilhali kikomo ni 300. Balbu ya wati 60 iliporudishwa kati ya fezi na ethi, RCD ilikata hapo hapo. UPS zilitulia kwa vyanzo vyote viwili.

Mashine ya kupima damu ilihitaji moduli mpya ya umeme, na kwa muda sampuli zilipelekwa kituo kingine. Hakuna aliyeumia.

## Uchambuzi

Uamuzi uliookoa zaidi katika kisa hiki haukuwa wa fundi. Mganga mfawidhi hakujua nyutro inaelea ni nini, lakini alikataa kinga iondolewe ili kelele iishe. RCD inayokata inatoa taarifa, na aliyeko karibu nayo ana haki ya kudai maelezo kabla haijaguswa. Kuzima jenereta usiku ule nako kulikuwa sahihi, ingawa lilikuwa jambo gumu kwa sababu ya chanjo zilizotegemea baridi.

Kilichoharibika kilianzia kwenye ununuzi. Chenjiova ilinunuliwa kama swichi ya kuwasha haraka, na hakuna aliyeiona kuwa inabadilisha ethi ya jengo zima. Fundi aliyefunga jenereta alikuwa sahihi kwa wakati wake, aliyefunga chenjiova alifuata mchoro wa mtengenezaji, na bado jengo lilitoka mikononi mwao bila kinga. Swali lililokosekana ni hili, na liulizwe kwa kila nafasi ya chenjiova: hapa nyutro inakutana na ardhi wapi, na ni mahali pamoja tu? Mimi nalitaka liandikwe kwenye mchoro uliobandikwa mlangoni mwa boksi, pamoja na neno lile lile kwenye jenereta lenyewe, ili atakayebadilisha swichi mwaka wowote ujao alikute.

Majaribio nayo yalikuwa yamepungua. Kitufe kibonyezwe, ndiyo, lakini kila kazi ya jenereta ifungwe kwa vipimo vya fezi na ethi, nyutro na ethi, na kipima RCD halisi, chanzo kwa chanzo. Hilo ni muhimu kwa jenereta kuliko kwa umeme wa mji. Jenereta hutoa mkondo mkubwa wa hitilafu kwa muda mfupi sana, kisha unashuka, na lile lisilo na msaada wa ziada kwenye usumaku wake huweza kushuka mpaka breka kubwa isikate kwa wakati. RCD ndiyo inayobaki.

Sikuweza kuthibitisha mpangilio wa kukata wa chenjiova ile. Nyutro haitakiwi kufunguka kabla ya fezi, wala kufunga baada yake, la sivyo kwa kitambo kidogo volti za fezi zinaweza kukosa uwiano na kuunguza vifaa. Mtengenezaji ameulizwa.

Na lipo jenereta dogo la petroli, ambalo kituo hulikodi kubwa linapofanyiwa matengenezo. Nyutro yake inaelea kama ya lile kubwa ilivyokuwa, na nilikuta waya wenye plagi dume pande mbili wa kulichomeka kwenye soketi ya maabara. Waya huo tumeukata. Nimependekeza wafungiwe soketi maalumu ya kuingizia umeme upande wa jenereta wa chenjiova, penye kiungo na waya wa ethi tayari. Gharama yake imewekwa kwenye bajeti inayofuata, na mpaka hapo jenereta dogo linawasha friji ya chanjo peke yake, kwa ekstensheni yake, bila kuingia kwenye nyaya za jengo.